Kushuka ni Kipengele cha Saba

Jumamosi ya tarehe 9 Julai 1994, Elihuruma Akyoo, kiongozi wa watalii mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alikaa juu ya mnara wa kengele wa usharika wake, nje kidogo ya Makumira, kwa zaidi ya saa mbili. Jambo hilo halina ubishi. Lilitangazwa kanisani kesho yake, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la mnada wa ndizi, na waumini wakaombwa wasiligeuze kuwa mazoea.

Hakupanda kwa ulevi wala kwa hasira. Alipanda kwa sababu alitaka kupanda kitu kingine kikubwa zaidi, na mama yake alikuwa amekataa.

Kitu chenyewe ni ukuta wa mwamba ulio ndani ya kasoko ya Mlima Meru, lile shimo la volkano. Anayepanda mlima huo kwa njia ya kawaida hufika mahali ambapo njia inapita juu ya ukingo, na upande mmoja wa miguu yake dunia inakatika. Tangu kampuni binafsi za utalii zilipoanza kuota kila kona ya Arusha, Elihuruma amekuwa akiwapitisha wageni hapo, anasimama mahali pale pale, ananyoosha fimbo na kuwaambia wasisogee. Kabla ya hapo alikuwa mtunza ghala wa shirika la umma. Ghala lilipoisha vitu, likaisha na mtunzaji.

"Nimewaonyesha watu ukuta ule miaka sita," anasema. "Nimechoka kuuonyesha."

Ni mtu mpole, mrefu, anayeimba besi kwenye kwaya na kuvua viatu mlangoni hata kwenye nyumba zenye sakafu ya udongo. Ukimpa kiti hukikagua kwanza kama kuna mtu mwingine anayekihitaji. Sifa hizi zimempendeza kila mtu maishani mwake isipokuwa Mwalimu Hanna.

Mwalimu Hanna ni Mjerumani aliyevuka hamsini, mwembamba, anayefundisha Kigiriki kwa wanafunzi wa theolojia Makumira. Likizo zake za ujana alizimalizia kwenye miamba ya kwao, akining'inia kwa kamba. Januari mwaka huu Elihuruma alimpeleka Meru, na walipofika pale ukingoni hakurudi nyuma kama wageni wengine. Alilala kifudifudi, akatoa darubini, akautazama ukuta mpaka chai ikapoa. Sehemu kubwa, alisema, ni mawe yaliyooza, yanayomeguka kama mkate wa juzi. Lakini kuna mgongo mmoja wa mwamba mzima, mweusi, unaotoka chini ya kasoko hadi karibu na njia. Huo unapandika. Ni mgumu, unahitaji siku nzima na watu wawili waliofungwa kamba moja.

Mtu wake wa pili, mwalimu mwenzake, alivunjika kifundo cha mguu akicheza mpira na wanafunzi. Mkataba wa Hanna unaisha mwisho wa Julai. Elihuruma alipouliza kama yeye anaweza kujifunza, Hanna alimtazama mikono, akamwambia aje machimbo ya mawe Jumamosi asubuhi, bila fimbo.

Kupanda kwenyewe hakukumsumbua. Miguu yake ilijua mawe. Kilichomshinda ni lugha. Kwenye kamba, yule wa juu na yule wa chini hawaonani, upepo unavuma, na maneno ni matatu tu: kaza, legeza, shusha. Hanna alimfundisha asubuhi ya kwanza. Akapanda juu ya kichwa cha machimbo, akavuta kamba, akasubiri. Kutoka chini ikaja sauti nzuri ya besi:

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Upo tayari?"

"Nipo tayari, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Kama haitakuwa shida, ningeomba ukaze kidogo."

Hanna alishuka. Akamweleza kwamba mtu anayeteleza hana muda wa kusema samahani. Elihuruma alikubali kabisa, akapanda tena, akateleza kweli, na wakati anateleza alisikika akisema, "Naomba radhi." Hakuwa anafanya mzaha. Katika maisha yake hajawahi kumwamrisha mwanamke anayemwamkia, na mwalimu zaidi.

Ilichukua Jumamosi mbili kupata suluhisho, na ni Elihuruma aliyelipata. Asubuhi, kabla ya kuvaa kofia ngumu, alisimama mbele ya Hanna, akampa shikamoo, kisha akamwomba radhi mara moja kwa yote atakayomtamkia hadi jioni. Hanna akasamehe. Baada ya hapo mtu akipita barabara ya machimbo alisikia, "Kaza! Kaza! Legeza! Nimesema legeza!" na wakulima wawili walikwenda kumuuliza mke wake kama nyumbani kuna amani.

Mke wake, Aikande, anauza mitumba. Ni mtu wa maneno machache na jicho kali, na ndiye aliyegundua kwamba mkanda wa kupandia miamba, ule wa kuvaliwa kiunoni na mapajani, alikuwa nao nyumbani mwaka mzima. Ulitoka katikati ya belo la suruali za watoto. Hakujua ni wa nini, ila aliona umeshonwa vizuri, akamvalisha ndama aliyekuwa anapenda kutoroka. Hanna aliukagua, akaukunja, akasema kwamba mkanda wa zamani usiojulikana umetumikaje haufai kubeba binadamu.

"Umembeba ndama na hajalalamika," alisema Aikande.

"Ndama alidondoka?"

"Hapana. Ila alikuwa anataka."

Elihuruma akapewa mkanda mwingine wa Hanna, na ndama akarudishiwa wake.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Kilichobaki ni ruhusa ya Bibi Tabitha.

Bibi Tabitha ni mama yake Elihuruma, mjane, mkulima wa kahawa na migomba. Elihuruma ni kitinda mimba, na kwa desturi ya Wameru kitinda mimba ndiye anayebaki na boma la mama na mama mwenyewe. Haendi mahali pa hatari bila mama kumwekea mkono kichwani. Ana watoto wanne na mvi mbili tatu, lakini hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu kwamba safari nzima inamsubiri bibi mmoja. Hanna naye, alipoelezwa, alisema hatamfunga kamba mtu ambaye mawazo yake yako nyumbani.

Bibi alisikiliza maelezo yote. Halafu akauliza, "Kule juu hakuna njia?"

"Ipo, mama."

"Wewe si ndiye unayepitisha watu?"

"Ndiyo."

"Sasa nyumba ina mlango, na ufunguo unao wewe, kwa nini upite dirishani?"

Bibi akaendelea kumenya ndizi. "Na kamba ninaijua. Tunamfunga mbuzi ambaye tunajua hataki kwenda."

Hapo ndipo alipoingia Mzee Ndesanjo. Ni Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro na shamba linalopakana na la Bibi Tabitha. Ameongoza kamati za harusi, za kipaimara, za kumuaga mchungaji na za kumkaribisha mchungaji, na anatembea na kalamu mbili. Alipoelezwa kwamba Bibi amekataa, alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa na mganga wa kubahatisha.

"Hajakataa," alisema. "Hajashirikishwa. Hili jambo halina kamati."

Jumapili iliyofuata likawa nayo. Mwenyekiti, Mzee Ndesanjo. Mshereheshaji, yeye pia, kwa kuwa wenye sauti wengine walikuwa kwenye kwaya. Zikaundwa kamati ndogo za chakula, mapambo na usafiri. Mwalimu Hanna, aliyealikwa kama mjumbe, aliinua mkono.

"Samahani. Tunaopanda ni wawili."

"Ndiyo maana tuko wengi hapa, Mwalimu," alisema Ndesanjo. "Watu wawili hawawezi kubeba jambo."

"Mapambo ni ya nini?"

"Hilo litatoka kwenye kamati ndogo."

Akaulizwa huko ukutani watakula nini. Akasema karanga, biskuti na zabibu kavu. Lerionka, mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima, ambaye binti yake ameolewa na kaka yake Elihuruma, aliomba arudie. Alirudia. Lerionka akaahidi mbuzi mzima, na iandikwe kwamba anaahidi kwa uchungu.

Kamati iliafikiana kwamba Bibi Tabitha hahitaji maneno, anahitaji kuona. Elihuruma atapanda mnara wa kengele mbele yake kwa kamba ile ile, atashuka salama, Bibi ataridhika. Mnara ni wa mawe, una kimo cha kama ghorofa tatu na hauna ngazi. Kengele hupigwa kwa kamba kutoka chini. Mchungaji alikubali kwa sharti kwamba, maadamu mtu anafika huko, apake grisi ekseli ya kengele na kuondoa viota vya ndege. Shughuli ikapangwa Jumamosi, na ratiba ikabandikwa mlangoni: sala, kupanda, utambulisho, kwaya, chakula, nasaha, kushuka, neno la shukrani.

Hakuna aliyeisoma kwa jicho la kutafuta kasoro. Ilifanana na ratiba zote.

Siku ilipofika anga lilikuwa na mawingu mepesi na baridi ya Julai. Mapambo yalikuwa yamekamilika: mnara ulizungushwa migomba na karatasi za rangi hadi pale mkono wa mpambaji ulipofika. Hanna alipanda kwanza, akapitisha kamba kwenye boriti ya kengele, akashuka, akaishika. Elihuruma akaja na mkebe wa grisi shingoni. Akampa Mwalimu shikamoo, akaomba radhi ya siku nzima, akaanza.

Alipanda vizuri. Hata waliokuja kwa ajili ya pilau walisogea. Miguu yake ilichagua mawe kwa utulivu, mikono haikukimbia, na mara tatu alisema "Kaza!" kwa sauti ya mtu asiyedaiwa samahani na mtu. Bibi Tabitha alikuwa amewekewa kiti cha mbele, na hakupepesa macho. Elihuruma alifika kwenye dirisha la kengele, akakaa juu ya kizingiti, akajifunga kwenye boriti kama alivyofundishwa, akapaka grisi, akaondoa viota. Akachungulia chini, tayari.

"Tunamshukuru ndugu yetu," ilisema sauti ya Ndesanjo kwenye kipaza sauti. "Sasa tunamwomba mgeni rasmi, Mwalimu Hanna, aje meza kuu kwa ajili ya utambulisho."

Hanna hakujua kwamba yeye ni mgeni rasmi. Alisema ameshika kamba. Akaelezwa na kina mama wawili, kwa upole, kwamba mgeni rasmi hashiki kamba. Elihuruma akamwonyesha kwa mkono kuwa amejifunga, yuko salama. Hanna akamkabidhi kamba Lerionka, akamwonyesha jinsi ya kuishika, akasema anarudi baada ya dakika tano. Lerionka aliishika dakika moja. Halafu akaizungusha kwenye mti wa mgrevilea, akaifunga fundo analofungia dume la ng'ombe siku ya chanjo, akakaa.

Utambulisho ulianza na wazee wa kanisa. Kila aliyetambulishwa alisimama, akapunga, akamtambulisha mwenzake. Hanna aliinuka mara ya kwanza, akaletewa soda. Aliinuka mara ya pili. Akaletewa mto wa kiti.

"Yule mtu bado yuko juu," alimwambia mwenyekiti.

"Tunamwona, Mwalimu. Ndiyo raha yake."

"Lazima ashuke."

"Atashuka," alisema Ndesanjo, akamwonyesha ratiba. "Kushuka ni kipengele cha saba. Tupo cha tatu."

Kwaya ilipoimba, iligundulika kwamba besi ni dhaifu. Ubeti wa pili ikapata nguvu ghafla, kutoka juu. Wengi baadaye walisema hawajawahi kuisikia kwaya ile ikiimba vizuri hivyo, na mwalimu wa kwaya ameomba jambo hilo lifikiriwe kwa Krismasi.

Chakula kikabarikiwa. Kwa kawaida ya pale, chakula kikishabarikiwa, wazee huanza na hakuna anayeachwa amesimama. Lerionka, akiwa mzee, akaitwa. Aliangalia fundo, akaliamini, akaenda. Elihuruma, ambaye hakuwa amekula tangu alfajiri, aliona mbuzi wake akigawanywa. Aliita. Vijiko vilikuwa vingi. Akaita tena. Basi akafanya lililobaki, akasukuma kengele kidogo kwa mguu.

Haikuwa kidogo. Ekseli ilikuwa na grisi mpya. Kengele ililia mara nyingi kwa uzito, polepole, na watu mezani wakaacha kutafuna. Katika eneo lile kengele inayolia nje ya saa zake ina maana moja: kuna mtu amefariki. Ilisikika hadi mashambani kote ng'ambo ya mto. Haukupita muda kina mama wakaanza kufika na kanga mabegani, wanaume na majembe yao, wote kwa mwendo wa haraka na nyuso za msiba.

"Nani?" aliuliza mzee mmoja wa ng'ambo, akihema.

"Hakuna mtu, baba," alisema Aikande, aliyekuwa anagawa pilau.

Mzee aliinua macho, akamwona Elihuruma kwenye dirisha la kengele, ameweka mikono magotini. Akavua kofia.

"Bado," alisema.

Waliokuja kwa msiba hawafukuzwi. Wakakaribishwa, wakapakuliwa, na kipengele cha chakula kikarefuka kwa kiasi ambacho hakuna kamati ndogo ingekitabiri. Pilau iliisha. Aikande alisogea chini ya mnara.

"Baba Elisifa," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Mambo?"

"Salama. Nimebakishiwa?"

"Mchuzi."

"Nyama?"

"Nimesema mchuzi."

Kisha zikaanza nasaha. Mzee wa kwanza alimshauri Elihuruma asiwe na haraka. Wa pili alimshauri akifika mahali pabaya atulie na kusubiri. Elihuruma, kutoka juu, aliitikia kila shauri kwa heshima. Wa tatu alikuwa na mambo saba na alikuwa ameyaandika.

Muda wote huo Bibi Tabitha hakuwa amegusa sahani. Kiti chake kilikuwa kimegeuka, meza kuu imebaki mgongoni kwake, na macho yake yako dirishani. Katika jambo la tatu la mzee wa tatu alisimama, akapita mbele ya kipaza sauti, akaenda kwenye mti wa mgrevilea. Lerionka alimfuata na mfupa mkononi.

"Mshushe mtoto," alisema Bibi.

"Yeyoo, mama yangu, bado nasaha."

"Nasaha nitampa mwenyewe. Akiwa chini."

Ndesanjo alifungua mdomo na kipaza sauti kikiwa karibu, kwa hiyo watu wote walisikia pumzi yake ikibadili mawazo. Hanna alikuwa ameshafika. Fundo la Lerionka lilichukua watu watatu na kishikio cha kijiko kulifungua. Dume la ng'ombe lisingekwenda popote. Kisha Hanna akashika kamba, akatazama juu, na kutoka dirishani likaja neno moja, kavu, lisilo na tafadhali:

"Shusha!"

Akashuka polepole, miguu ikiusukuma ukuta, karatasi za rangi zikimnasa kiunoni. Alipogusa nyasi hakuna aliyepiga vigelegele, maana hakikuwa kipengele chake. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Akasimama mbele ya mama yake akiwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Ulikuwa unaogopa?" aliuliza Bibi.

"Mwanzoni. Baadaye nilikuwa na njaa tu, mama."

"Na ile kamba?"

"Kamba haikuwa na tatizo."

Bibi aliigusa kamba, akaivuta, akaiachia. Alimgeukia Hanna. "Huko mlimani mnakwenda wangapi?"

"Wawili, bibi. Na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Yeye atabaki chini."

"Mwenyekiti haendi?"

"Haendi."

"Na huyu wa kipaza sauti?"

"Ni huyo huyo, mama," alisema Elihuruma.

"Na ratiba?"

"Tunapanda, halafu tunashuka," alisema Hanna.

Bibi Tabitha alifikiri. Nyuma yake mzee wa tatu alikuwa bado ameshikilia karatasi yake, kidole kikiwa kwenye jambo la nne.

"Basi nenda," alisema. "Kule kuna usalama. Vua hiyo kofia."

Elihuruma alivua kofia ngumu, akainama, na mama yake akamwekea mkono kichwani palepale chini ya mnara, bila kipaza sauti. Watu wa karibu walisikia alichosema, lakini ni chake. Kisha akaomba sahani yake, akakuta nyama imo, akampa mwanawe.

Kamati inahesabu shughuli ile kuwa imefanikiwa. Lengo lilikuwa Bibi aridhike, anasema Mzee Ndesanjo, na ameridhika. Masuala mengine ni ya utekelezaji. Alimtembelea Elihuruma Jumatatu na pendekezo la mabasi mawili ya wasindikizaji hadi getini. Bibi Tabitha ndiye aliyefungua mlango, na mazungumzo hayakufika kwenye idadi ya viti.

Hanna naye amesema lake, kwa ufupi wake. Kwenye ukuta ule, sehemu ngumu si mikono. Ni kukaa juu ya kijiwe saa nyingi, ukiwa na baridi na njaa, ukimsubiri mtu mwingine amalize mambo yake, bila kulalamika na bila kufanya upumbavu. Hilo hakuwa na namna ya kumfundisha machimboni. Kuhusu kengele, anasema ule ulikuwa upumbavu mmoja tu kwa saa mbili, na yeye amewahi kufunga kamba na watu wenye wastani mbaya zaidi.

Jumatatu tarehe 18 Julai wataingia geti la Momella na kulala kwenye kibanda cha Miriakamba. Jumanne alfajiri watakwenda hadi chini ya kasoko. Elihuruma atampa Mwalimu Hanna shikamoo, atamwomba radhi ya siku nzima, na wataanza kupanda. Katika begi kuna karanga, biskuti, zabibu kavu na paja la mbuzi.